Blaise Diagne na Mapatano Mawili ya Damu

Tarehe 11 Januari 1918 serikali ya Waziri Mkuu wa Ufaransa, Georges Clemenceau, ilimteua mbunge mmoja kuwa Kamishna wa Jamhuri katika Afrika Magharibi ya Kifaransa, mwenye hadhi sawa na gavana mkuu. Mbunge huyo alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa kisiwa cha Gorée huko Senegal, mtoto wa mpishi. Alitumwa akatafute vijana wa kwenda kupigana na Wajerumani huko Ulaya. Shabaha kwa Afrika Magharibi ilikuwa takriban 40,000. Hadi mwezi Agosti alikuwa amepata zaidi ya 63,000, na wengine kama 14,000 wakatoka Afrika ya Ikweta.

Huyo ndiye Blaise Diagne. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Senegal, uliofunguliwa Desemba 2017, unaitwa kwa jina lake, na Dakar kuna shule ya sekondari na barabara zinazoitwa hivyo hivyo. Lakini tangu miaka ya 1920 wamekuwepo Waafrika wanaomtaja kuwa dalali aliyeuza watoto wa watu. Ninavyoona mimi, ubishi huu haumaliziki kwa sababu kila upande unazungumzia jambo lake. Diagne aliingia mapatano na Ufaransa mara mbili, na mara zote mbili malipo yalikuwa damu ya askari. Mapatano ya 1915 na 1916 yalitimizwa, ya 1918 hayakutimizwa. Nataka kueleza kwa nini, maana sababu zake zilionekana tangu siku ya kwanza.

Mtu wa forodha

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1872. Baba yake alikuwa Mserer, mama yake mtumishi wa nyumbani mwenye asili ya Wamanjak wa Guinea-Bissau. Alilelewa na kubatizwa katika nyumba ya akina Crespin, familia ya machotara wenye nafasi zao mjini, na hao ndio waliomsomesha. Alipata ufadhili wa masomo Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, akaugua, akarudi kumalizia Saint-Louis. Mwaka 1891 akafaulu mtihani wa idara ya forodha.

Zaidi ya miaka ishirini aliizunguka himaya ya Kifaransa akiwa ofisa wa forodha: Dahomey (Benin ya leo), Kongo ya Kifaransa, kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi, Madagascar, na mwisho Guyane huko Amerika ya Kusini. Akiwa Réunion alijiunga na Wafrimasoni, chama cha udugu cha siri. Alijulikana kuwa mchapakazi, na pia mtu asiyenyamaza akidharauliwa, jambo lililomgombanisha na wakubwa wake katika zaidi ya kituo kimoja. Mwaka 1909 alimwoa mwanamke wa Kifaransa, na mwaka uliofuata wakampata huko Guyane mtoto wa kiume, Raoul. Wapenzi wa soka huenda wanamjua mtoto kuliko baba: Raoul Diagne ndiye mchezaji mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya timu ya taifa ya Ufaransa, mwaka 1931, na mwaka 1963 aliifundisha timu ya Senegal iliyoifunga timu ya ridhaa ya Ufaransa mjini Dakar.

Maisha hayo ya kuhamahama yalimpa Diagne kitu ambacho wanasiasa wa Dakar hawakuwa nacho. Aliona kwa macho yake kwamba sheria za Kifaransa hazisomwi sawa kila mahali. Réunion na Guyane, watu weusi walikuwa raia kamili wa Ufaransa. Kongo hawakuwa hata nusu ya hilo. Rangi ni ileile na bendera ni ileile, na tofauti yote imeletwa na karatasi iliyopitishwa Paris.

Miji minne na pengo la sheria

Senegal yenyewe ilikuwa na hali yake ya pekee. Wenyeji wa miji minne, yaani Saint-Louis, Gorée, Rufisque na Dakar, waliitwa originaires, na haki yao ya kupiga kura ilianzia kwenye mapinduzi ya 1848. Miji hiyo ilipeleka mbunge Paris. Nje yake, hatua chache tu ukishavuka mpaka wa mji, Mwafrika alikuwa mtawaliwa: ofisa wa wilaya aliweza kumfunga au kumtoza faini bila kumpeleka mahakamani, kwa kanuni zilizoitwa indigénat, na aliweza kumpeleka shokoa, yaani kazi ya lazima, barabarani.

Haki hiyo ya miji minne ilikuwa na pengo. Wengi wa originaires walikuwa Waislamu, na mambo yao ya ndoa, talaka na mirathi yaliamuliwa na kadhi. Kwa fikra za wanasheria wa Kifaransa, raia ni yule anayefuata sheria za Kifaransa katika kila jambo, hadi chumbani kwake. Sasa mtu anayempigia kura mbunge wa Paris halafu anagawa mirathi kwa Kurani ni nani? Kwa miongo mingi hakuna aliyesumbuka kujibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Dakar ukaanza kujibu kwa vitendo: majina yakafutwa kwenye daftari la wapiga kura, Gavana Mkuu William Ponty akashikilia kwamba hawa ni wapiga kura tu na si raia, na amri ya 1912 ikataka kila anayehitaji uraia auombe peke yake na kutimiza masharti. Jeshi la kawaida nalo likawafungia mlango. Mwenyeji wa Dakar aliyetaka kuwa askari aliambiwa akajiunge na Tirailleurs, jeshi la watawaliwa, lenye mshahara na masharti ya chini.

Diagne alirudi Senegal mapema mwaka 1914 kugombea kiti ambacho mpaka hapo kilikuwa kimekaliwa na Wazungu na machotara tu. Mbunge aliyekuwepo, François Carpot, alikuwa madarakani tangu 1902. Nyuma ya Diagne walikuwepo vijana wasomi waliojiita Wasenegali Vijana, Galandou Diouf wa Rufisque, na Walebu wa Dakar waliokuwa na hasira juu ya ardhi yao. Katika duru ya kwanza, tarehe 26 Aprili, aliongoza. Katika duru ya pili, tarehe 10 Mei, alipata kura 2,424 dhidi ya 2,249 za Henri Heimburger. Hakuna Mwafrika asiye chotara aliyewahi kuchaguliwa kutoka bara lenyewe kuingia Bunge la Ufaransa kabla yake. Mwaka huohuo tauni iliingia Dakar, utawala ukachoma vibanda vya wenyeji na kuwahamishia mtaa mpya wa Médina, na mwezi Agosti vita vikaanza Ulaya.

Mapatano ya kwanza

Hapa ndipo akili ya mtu wa forodha ilipofanya kazi. Diagne hakwenda Paris kuomba uraia. Alikwenda kuomba watu wake watumikie jeshi la kawaida. Hoja yake bungeni ilikuwa fupi: ikiwa tumekaa humu kutunga sheria, basi sisi ni raia, na ikiwa ni raia, tunadai kutumikia jeshini kama raia wengine wote. Katikati ya vita, Ufaransa ikipoteza vijana kila siku, ni mbunge gani angesimama kupinga watu wanaoomba kupigana?

Sheria ya tarehe 19 Oktoba 1915 iliwaingiza originaires katika jeshi la Kifaransa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Septemba 1916, Diagne akapitisha sheria ya pili, yenye sentensi moja tu: wenyeji wa miji minne ya Senegal na vizazi vyao ni raia wa Ufaransa na wataendelea kuwa raia wa Ufaransa, wenye wajibu wa kijeshi uliowekwa na sheria ya 1915. Hakuna neno lolote juu ya kadhi, ndoa wala mirathi. Kwa kunyamaza huko, sheria iliwaacha Waislamu na dini yao na kuwapa uraia kamili palepale. Wanasheria waliokuja baadaye waliiona kuwa kasoro. Mimi naiona kuwa kazi ya kisheria iliyofumwa kwa ustadi kuliko yoyote iliyofanywa na mwanasiasa wa Kiafrika wa zama zake.

Tazama namna ilivyofungwa. Ilikuwa sheria ya Bunge, si barua ya waziri. Haikusema raia "watakuwa", ilisema "ni". Haikumtaka mtu mmojammoja athibitishe lolote. Ilirithiwa na watoto. Na waliolipa, yaani vijana waliokwenda mitaroni, walikuwa ndugu wa wapiga kura waliomweka Diagne bungeni. Kama angewadanganya, wangemwondoa.

Njia ya kuelekea 1918

Nje ya miji minne mambo yalikuwa mengine kabisa. Askari waliitwa Tirailleurs wa Senegal ingawa wengi wao hawakutoka Senegal, na waliandikishwa kwa mgao: kila chifu alipewa idadi, naye akatoa wanyonge wa eneo lake na watoto wa waliokuwa watumwa. Vijana walikimbilia makoloni ya Waingereza na Wareno. Mwaka 1915 na 1916 watu wa eneo la mito ya Volta na Bani, katika Burkina Faso na Mali za leo, walishika silaha, na majeshi ya Kifaransa yakachoma vijiji kwa mizinga. Dahomey ya kaskazini nayo iliasi.

Halafu ikaja Aprili 1917. Katika shambulio la Chemin des Dames, kaskazini ya Ufaransa, vikosi vya Waafrika vilipelekwa mbele siku ya baridi kali na theluji, wakapoteza maelfu ndani ya siku chache. Diagne alilisema jambo hilo waziwazi katika kikao cha siri cha Bunge mwezi Juni mwaka huo, akiwalaumu majenerali kwa kuwapeleka watu kuchinjwa bila faida. Nalikazia hili kwa sababu watetezi wake husema hakujua, na wapinzani wake husema hakujali. Alijua, na alijali. Miezi saba baadaye akakubali kwenda kuwatafuta wengine.

Gavana Mkuu wa wakati huo, Joost van Vollenhoven, mzaliwa wa Rotterdam aliyechukua uraia wa Ufaransa, alikuwa amesimamisha uandikishaji. Aliieleza Paris kwamba nchi imechoka, na kwamba Afrika itaisaidia Ufaransa zaidi kwa chakula kuliko kwa watu. Clemenceau hakusikia. Mwezi Februari 1918 Waziri Mkuu huyo aliwaambia maseneta kwamba pamoja na heshima yake kwa Waafrika, angependa wauawe weusi kumi kuliko Mfaransa mmoja. Van Vollenhoven alijiuzulu alipoona mamlaka yake yamegawanywa, akarudi mstari wa mbele akiwa kapteni, na akauawa mwezi Julai mwaka huo. Katika kisa hiki chote, mtu aliyewatetea wanavijiji wa Afrika Magharibi kwa uwazi zaidi alikuwa gavana wa kikoloni. Ni ukweli mgumu kumeza kwa sisi tunaopenda kumwona Diagne akisimama upande huo.

Mapatano ya pili

Diagne hakuenda mikono mitupu. Kabla ya kuondoka alidai masharti, na tarehe 14 Januari 1918 serikali ikatoa amri kadhaa kwa pamoja. Askari watakaopata nishani za ushujaa wataweza kuwa raia wa Ufaransa pamoja na wake zao na watoto wao. Askari wataepushwa na kanuni za indigénat na kazi za shokoa. Familia zao zitasamehewa kodi. Watatengewa nafasi za kazi serikalini wakirudi. Zitajengwa hospitali za mapumziko, chuo cha kilimo, na chuo cha udaktari Dakar.

Alitua Dakar mwezi Februari akiwa na msafara wa maofisa na askari wa Kiafrika waliovaa sare nadhifu na nishani kifuani. Alipita Senegal, Sudani ya Kifaransa (Mali ya leo), Volta, Guinea, Côte d'Ivoire na Dahomey. Machifu walipokewa kwa heshima, vijana wakasikia hotuba juu ya haki zitakazopatikana kwa kutoa kodi ya damu. Kwa mara ya kwanza watu walimwona mweusi ambaye magavana wa Kizungu walimpisha. Nguvu ya picha hiyo isidharauliwe. Kweli, machifu waliendelea kutoa watu kwa shinikizo, lakini hapakuzuka uasi mkubwa kama wa 1915, na idadi ikapita kila makadirio.

Sasa zilinganishe hizi mbili. Ahadi za 1918 zilikuwa amri za serikali, na utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa maofisa walewale wa wilaya ambao nguvu zao zilikuwa zipunguzwe. Uraia haukuwa wa wote, ulifungwa kwenye nishani. Na vita vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918, wakati wengi wa walioandikishwa mwaka huo walikuwa hawajafika mstari wa mbele, hivyo hawakupata hata nafasi ya kushindania nishani yenyewe. Nafuu yao ya kubaki hai ndiyo iliyowakosesha uraia. Waliofanikiwa kuupata kwa njia hiyo walikuwa wachache sana.

Na kubwa kuliko yote, wanavijiji wa Volta au Guinea hawakuwa wapiga kura wa Diagne. Hakuna siku ambayo wangeweza kumwuliza. Mwaka 1916 aliwasemea watu waliomtuma. Mwaka 1918 aliwaendea watu ambao hawakumtuma, kwa jina la serikali iliyomtuma. Cheo alichopewa, kamishna, kinasema wazi alikuwa akimtumikia nani.

Nimejiuliza mara nyingi angeweza kufanya nini kingine. Clemenceau alikuwa amekata shauri, na bila Diagne askari wangeandikishwa tu, pengine kwa mizinga kama 1916. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuitupa. Lakini mtu yuleyule aliyejua kufunga fundo la 1916 alikuwa na Ufaransa mkononi Januari 1918, ikiwa katika shida yake kubwa kabisa, na angeweza kudai sheria ya Bunge. Hakuidai. Nadhani aliamini kwamba, kwa kuwa mlango ulifunguka kwa miji minne, ungefunguka polepole kwa wengine wote.

Baada ya vita

Haukufunguka. Mwaka 1919 Ufaransa ilifanya utumishi wa jeshi kuwa lazima wakati wa amani katika Afrika Magharibi yote, miaka mitatu kwa aliyechaguliwa, na Diagne akauunga mkono. Kuanzia 1926 waliobaki baada ya jeshi kuchukua mgao wake waliweza kupelekwa vikosi vya kazi za ujenzi wa umma. Askari karibu 30,000 kutoka Afrika Magharibi walikuwa wamekufa vitani.

Diagne mwenyewe alipanda. Februari 1919 aliongoza mkutano wa Umajumui wa Afrika mjini Paris pamoja na W. E. B. Du Bois, na ruhusa ya kuufanya aliipata yeye kwa Clemenceau. Akachaguliwa tena kwa wingi mkubwa, akawa meya wa Dakar. Mwaka 1923 alipatana na wafanyabiashara wa Bordeaux waliokuwa wapinzani wake wakubwa, na tangu hapo sauti yake dhidi ya utawala ikapungua.

Oktoba 1924 jarida la Les Continents la Paris, katika makala ya mwandishi René Maran, lilidai kwamba Diagne alilipwa kamisheni kwa kila askari aliyemwandikisha. Alishtaki, na mahakama ikampa ushindi. Hakuna ushahidi wa kamisheni uliotolewa, na ni haki kusema hivyo. Jarida halikuishi muda mrefu baada ya hapo. Ila katika kesi hiyo alisimama shahidi wa upande wa jarida, Lamine Senghor, askari wa zamani aliyeharibiwa mapafu na gesi ya sumu. Alichokipigania Senghor kilikuwa kizito kuliko habari ya kamisheni: kwa nini mweusi aliyejeruhiwa apate pensheni ndogo kuliko mzungu aliyejeruhiwa kando yake? Kesi ya kashfa haikuweza kulijibu swali hilo, na Diagne hakulijibu.

Mwaka 1930 aliiwakilisha Ufaransa Geneva, katika mkutano wa kazi wa kimataifa uliopitisha mkataba wa kupinga kazi za kulazimishwa, akatetea msimamo wa serikali yake dhidi ya mkataba huo. Mwaka uliofuata akawa naibu waziri wa makoloni, Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika serikali ya Ufaransa. Kwangu mimi, ile safari ya Geneva ndiyo inayouma zaidi, kupita hata 1918. Mwaka 1918 angeweza kusema kulikuwa na vita. Alifariki tarehe 11 Mei 1934 huko Cambo-les-Bains, akiwa bado mbunge.

Katika ahadi zote za Januari 1918, iliyotimizwa waziwazi ilikuwa moja: chuo cha udaktari cha Dakar, kilichofunguliwa mwaka huohuo. Kijana mmoja kutoka Côte d'Ivoire alihitimu hapo mwaka 1925, jina lake Félix Houphouët-Boigny. Akiwa mbunge mjini Paris, aliwasilisha sheria ya tarehe 11 Aprili 1946 iliyofuta kazi za kulazimishwa katika makoloni ya Kifaransa. Wiki chache baadaye, tarehe 7 Mei, ikapita sheria ya mbunge wa Senegal, Lamine Guèye, iliyowapa uraia watu wote wa maeneo ya ng'ambo, bila kuwauliza nishani wala kuwaondolea kadhi. Ilifumwa kama ile ya 1916: sheria ya Bunge, ya watu wote kwa pamoja. Wale walioandikishwa na Diagne mwaka 1918, waliokuwa hai bado, walikuwa wamengoja miaka 28.